Traka ya pikipiki kwa mtu wa Malindi: ipi ununue kwanza, ipi ungoje, ipi uache dukani

Pikipiki ikiibwa Malindi haina njia nyingi za kutokea. Mashariki ni bahari. Kaskazini kuna daraja la Sabaki, halafu Mambrui, Gongoni na Marereni mpaka ufike Garsen. Kusini ni barabara ya Mombasa kupitia Gede. Magharibi ni ile ya Sala Gate, inayopita Kakoneni na Langobaya kuelekea Tsavo. Vichochoro vya Maweni au Kisumu Ndogo vinaweza kuificha usiku mmoja, lakini mwizi anayetaka pesa ya maana atalazimika kuitoa mjini, la sivyo aipeleke kwa fundi wa kuifungua vipande. Vyovyote vile, muda ulio nao ni mchache.

Kwa hivyo muuzaji wa traka, kile kifaa cha kukuonyesha pikipiki ilipo, akikufungulia ramani yenye rangi kwenye simu yake, mwache amalize, kisha muulize mambo mawili. Pikipiki ikiguswa nitajua baada ya muda gani? Na mwizi akikata waya, hiki kifaa kitaendelea kusema kwa muda gani? Mpangilio wangu hapa umefuata majibu ya maswali hayo. Bei nimeiweka nyuma, maana ukishatoa karibu laki mbili kununua pikipiki mpya, kubania elfu mbili kwenye traka ni hesabu ya ajabu.

Kabla ya traka yoyote, nunua cheni nene na kufuli la maana. Traka haizuii mtu kuiba, kazi yake inaanza pikipiki ikishaondoka. Loki ya usukani inayokuja na Boxer au TVS huvunjwa kwa kuupinda usukani kwa nguvu, na inajulikana hivyo. Zile kufuli ndogo za rangi zinazofungwa kwenye diski ya breki zinauzwa sana, lakini chungulia kwanza gurudumu lako la mbele: pikipiki nyingi za boda zina breki ya dramu, hakuna diski ya kufungia, na utabaki nayo kama pambo la funguo. Cheni ipitishe kwenye fremu, uifunge kwenye nguzo au kwenye pete ya chuma uliyojengea ukutani. Ukifunga gurudumu peke yake, watu wawili wataiinua na kuondoka nayo na cheni yako juu.

Namba moja: traka ya waya, yenye betri ya ndani na rilei (swichi ya umeme ya kuzima injini)

Hii ndiyo ya kununua kwanza, hasa kama pikipiki yako iko kwa dereva anayekuletea hesabu jioni. Ni kiboksi kidogo kuliko simu, kinachokula umeme wa betri ya pikipiki na chenye laini ya simu ndani yake.

Hapa pana uongo mmoja unaozunguka madukani. Utaambiwa, "Kaka, hii haihitaji laini wala bando, inaongea na setilaiti moja kwa moja." Si kweli. Setilaiti za GPS zinatangaza tu, na kifaa kinasikiliza kikapiga hesabu ya mahali kilipo. Setilaiti yenyewe haijui kama pikipiki yako ipo duniani. Ili habari ikufikie wewe, lazima kifaa kitume kwa mtandao wa simu, ama kwa bando ama kwa ujumbe mfupi. Laini ikifa, traka inabaki inajua ilipo yenyewe na haina wa kumwambia.

Sifa ya kwanza ya kuangalia ni betri ya ndani, pamoja na arifa ya kukatwa umeme. Mwizi mzoefu akishafika mahali pa giza, kitu cha kwanza ni kufungua kifuniko cha pembeni na kung'oa waya wa betri. Traka isiyo na betri yake imekufa palepale. Yenye betri inakutumia ujumbe kwamba umeme umekatwa, na inaendelea kutoa mahali ilipo kwa muda. Kwangu mimi arifa hiyo ina thamani kuliko ramani nzima, kwa sababu saa nane za usiku hakuna mtu anayekesha akitazama ramani. Jaribu dukani kabla ya kulipa: kiwashwe, waya uchomolewe, muone pamoja kama simu italia.

Sifa ya pili ni rilei ya kuzima injini. Watu husema "kukata mafuta", lakini kwenye Boxer ya kabureta mafuta yanashuka yenyewe kutoka kwenye tangi, hakuna pampu ya kuzimwa. Kinachokatwa ni umeme wa kuchoma plagi. Mwambie fundi hivyo ili asije akakuuzia vali usiyoihitaji. Na usizime pikipiki ikiwa inakimbia. Baadhi ya traka hungoja kasi ishuke chini ya kilomita 20 kwa saa ndipo zikatii amri, nyingine zinakata papo hapo, na huyo aliye juu anaweza kuangushwa mbele ya lori pale Gede. Muulize muuzaji yake ni ya aina gani.

Tatu, chukua ya 4G ukiweza. Za 2G, mtandao wa zamani, zinafanya kazi bado na ndizo za bei ya chini, ila unanunua kitu cha kukaa nacho miaka. Nne, maji. Tafuta alama ya IP65 au IP67 kwenye kiboksi: 65 inahimili maji ya kumwagiwa kwa mpira, 67 hata kikizama mita moja kwa nusu saa. Masika ya hapa hayana huruma, na boda akirudi jioni anaoshewa pikipiki kwa mashine.

Kwa bei, vile vya kawaida utaulizwa kati ya elfu mbili na elfu nne hivi, bila ufundi. Kikiwa chini sana ya hapo, mara nyingi betri ya ndani ni ya jina tu.

Ufungaji wenyewe

Kifaa kizuri kilichofungwa vibaya hakina tofauti na kisichokuwepo. Simama na fundi mpaka amalize. Ukimuona anakibandika juu ya betri kwa tepu nyeusi na waya mwekundu unaning'inia, mzuie. Mwizi hatafuti traka kwa akili nyingi, anaufuata waya mgeni kutoka kwenye betri mpaka mwisho wake. Waya wa traka uingizwe ndani ya ala ya waya za pikipiki yenyewe, uzungushiwe tepu ileile ya kitambaa iliyotoka kiwandani, na uchukue umeme mbali na betri, kwa mfano upande wa taa ya mbele. Uso wa kifaa utazame juu, na juu yake pawe plastiki au sponji ya siti. Ukikiweka chini ya bati la tangi, ramani itakuonyesha uko Mtangani na wewe uko Ngala.

Halafu kuna chumvi. Mtu wa bara hawezi kukuambia hili, lakini pikipiki inayolala Shella au Mayungu, upepo wa bahari unaila waya kwenye kila kiungo. Viungo vya kusokota kwa mkono vinaota ukungu wa kijani ndani ya msimu mmoja, na traka inaanza kuwaka na kuzimika. Dai viungo vichomwe kwa risasi ya kuunganishia waya, vifunikwe kwa mpira wa kubana kwa moto, na vipakwe grisi kidogo.

Ukishafungiwa, badilisha nywila siku hiyo hiyo. Traka nyingi za bei nafuu zinatoka kiwandani na 123456, na yeyote anayeijua namba ya laini iliyo ndani anaweza kuzima pikipiki yako, fundi akiwemo. Laini isajiliwe kwa kitambulisho chako. Ya fundi au ya dereva usiikubali.

Kama pikipiki yako hukaa bila kutumika, kama zile za Waitaliano wa Casuarina wanaorudi kwao miezi kadhaa, jua kwamba traka inanyonya betri. Betri ya ampia-saa 5 (Ah 5) ikivutwa miliampia 20 mfululizo inaisha kwa siku kama kumi. Tafuta ya kulala pikipiki ikitulia, na kuamka ikitikiswa.

Namba mbili: isiyo na waya, iwe ya pili

Hizi zina betri kubwa na sumaku, hazigusi umeme wa pikipiki kabisa. Zinaamka mara moja au mbili kwa siku, zinatuma mahali zilipo, zinalala tena. Ndiyo maana zinakaa miezi bila kuchajiwa. Kama kifaa pekee sizipendi: pikipiki inaweza kuwa imeshavuka Garsen kabla haijaamka. Lakini kama mwizi ameipata ile ya waya, akaitupa mtaroni na kushukuru Mungu wake, hii ya pili ndiyo itakayomuumbua kesho asubuhi. Mwenye pikipiki tatu au nne azingatie hili kwa zile mpya. Tatizo ni ukubwa wake. Kwenye pikipiki nafasi ni ndogo, na ikikaa mahali pa wazi haina maana.

Namba tatu: ya kampuni, ya kulipia kila mwaka

Unalipa zaidi, wanakufungia, wana watu wa kupokea simu usiku. Kwa mtu mwenye pikipiki nyingi, au aliye Mombasa na pikipiki zake ziko Malindi, inafaa. Ukichukua pikipiki kwa mkopo huenda ikaja na traka ya mkopeshaji tayari, na watu wengi hudhani hapo wamelindwa. Ile imewekwa kwa ajili ya deni lake. Uliza wazi kama ikiibwa usiku utaonyeshwa ilipo, na kwa namba gani.

Kabla ya kutia saini na kampuni yoyote uliza gharama ya mwaka wa pili, na kama kifaa kinabaki chako ukiacha kulipa. Na usichanganye traka na bima. Bima ndogo ya kisheria, ile ya mtu wa tatu, haikulipi hata shilingi pikipiki yako ikiibwa.

Namba nne: vitagi vya Bluetooth

AirTag ya Apple, kidude kidogo cha kutafutia vitu kilichotoka 2021, inauzwa dola 29 Marekani na inatumia betri ya saa ya CR2032. Haina GPS wala laini. Inaita kwa Bluetooth, na iPhone ya mtu yeyote inayopita karibu ndiyo inayopeleka habari. Google nao walianzisha mtandao wa namna hiyo kwa simu za Android mwaka 2024, na vipo vitagi vinavyoutumia. Casuarina na Watamu, penye wageni na simu zao, kitagi cha Apple kinaweza kukusaidia. Iingize pikipiki katika njia ya Marafa au msituni Arabuko Sokoke uone kitagi kitanyamaza kwa muda gani. Isitoshe, simu ya mwizi inaweza kumwonya kwamba kuna kitagi kinasafiri naye, kwa kuwa vimetengenezwa visitumiwe kunyemelea watu. Ukiwa nacho tayari, kifiche ndani ya siti. Usikinunue kwa ajili ya pikipiki.

Alamu za kelele nimeziacha nje ya orodha. Mtaa ukishazoea alamu ya jirani inayolia kila paka akipita, hakuna atakayetoka.

Chora mpaka, mwambie dereva

Traka nyingi zinakuruhusu kuchora eneo kwenye ramani, na pikipiki ikitoka nje yake unapata arifa. Watu wanachora mduara mkubwa holela, halafu simu inalia mchana kutwa mpaka wanaizima. Kwa Malindi weka mpaka mahali pa maana: daraja la Sabaki upande mmoja, njia panda ya Gede upande mwingine, na Kakoneni kwa magharibi. Dereva akipata mteja wa Mambrui atakupigia kwanza. Asipopiga, wewe ndiye unayepiga. Usiku badilisha, mpaka uwe ua wa nyumba anapolala.

Na dereva ajue kuna traka. Mahali ilipo asionyeshwe, lakini kwamba ipo ajue. Tajiri anayemfuatilia mtu kwa siri anatafuta ugomvi, na dereva anayejua ataweza kumwachia pikipiki mwizi mwenye panga bila kupigana, akijua itatafutwa. Wapo waliokodiwa usiku hadi mahali pa giza na hawakurudi. Pikipiki inanunuliwa nyingine.

Ikiibwa, piga picha ya skrini yenye mahali na saa, nenda kituoni upewe namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na uwe na picha ya namba ya chesisi na ya injini, kwa sababu kibao cha namba ya usajili, kile cha KM, ndicho kinachobadilishwa kwanza. Kwenye nyingi utaikuta namba ya chesisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, karibu na usukani. Peleka habari kwa kundi la steji yenu, wawe macho barabarani, lakini penye kiboksi muende na polisi. Ramani inaweza kukosea nyumba moja au mbili, na kijana wa nyumba ya jirani asije akachomwa moto kwa kosa la mita kumi na tano.

Kisha kuna kazi ndogo ambayo wengi huisahau: mara moja kwa mwezi tuma kadi ya salio kwenye ile laini na ujaribu kuipigia traka yako. Laini isiyotiwa kitu kwa muda mrefu hufungwa na mtandao, na hakuna arifa itakayokuja kukuambia kwamba arifa zimekwisha.