Aplikesheni ya Kiklingoni: sauti tamu, ila nafasi kati ya maneno imenitoa roho

Jina silitaji, wanaojifunza Kiklingoni, ile lugha ya kubuni ya filamu za anga za Star Trek, wataijua tu. Nilikua nimepanga kuisifia jamani. Sauti zake ni moto, ile Q kubwa inayotokea huko chini kooni kama unakohoa mwiba wa samaki, wanakufundisha taratibu mpaka inakaa, kichwani nilishawapa nyota tano. Halafu tukafika kwenye nomino mbili zinazofuatana.

Chumba cha miale ya kusafirishia watu, nikaandika jol pa'. Nyekundu, ati ni jolpa'. Haya, kumbe zinaungana, silaha ya adui nikaandika jaghnuH, nyekundu tena!! Hapo wanataka jagh (adui) halafu nuH (silaha), kila moja kivyake. juHqo' (sayari ya nyumbani) inaungana, tlhIngan Hol (lugha ya Kiklingoni) inaachana, na kwa nini hawakwambii, pointi zinakatwa tu.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa heshima zote. Kimya. Baadae sana ndo likaja jibu: "Jifunze kuandika kwa usahihi." Basi. Hata habari yako hakuna! Na hela yangu wanakata kila mwezi hawachelewi.

Wakati maelezo yapo tangu 1985 kwenye kamusi ya Marc Okrand mwenyewe aliyeitunga lugha. Nomino zilizozoeana mpaka zikawa neno la kila siku ndo zinaandikwa pamoja, na utazikuta kwenye kamusi, ukiziunganisha mwenyewe kutengeneza maana yako unaacha nafasi, mwenye mali anatangulia, hakuna cha "ya" wala "cha" katikati. Ndo maana unaweza kusema jaghpu' nuH, silaha ya maadui, kiambishi cha wingi -pu' kikakaa kwenye lile la kwanza bila shida. Ni hayo tu! Wangeshindwa nini kuyaweka juu ya zoezi?

Sisi wenyewe tunagombana kila siku "kwasababu" au "kwa sababu" lakini hata mwalimu mkali wa shule ya msingi akikukosoa anakwambia kwa nini.

Nyota moja. Ingawa wale waliorekodi sauti hawana kosa, wamefanya kazi haswa, sasa nawaponzaje... haya mbili, ila ya pili ni yao, huyo mjibu barua asiiguse. Na mwezi ujao silipi, labda walirekebishe hilo somo. Hata wakirekebisha sijui.