LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi) ya njia nne imeniokoa, splita ya elfu tano ilinitia aibu

Nianze na aibu kabisa. Siku ya Arsenal na Chelsea nimejaza watu sebuleni hapa Magomeni, Mtwara, mikeka imetandikwa mpaka barazani, dakika ya ishirini na kitu skrini ikawa nyeusi, ikaandika hakuna mawimbi. Watu wakatoka nje kuangalia mvua, anga jeupe pee. Naingia chumba cha pili namkuta mama ametulia na kikombe chake cha chai, rimoti mkononi, ndo kwanza kahamia kwenye tamthilia yake. Nikamwomba hebu mama rudisha ulikokuwa, akarudisha, sebuleni nikasikia wanashangilia, nikadhani goli, kumbe picha imerudi. Mama akaniuliza, "Kwani mwanangu, mi nikiangalia changu wewe kinakuwasha nini?" Sikuwa na jibu.

Jibu nililipata wiki mbili baadaye kwa hela yangu mwenyewe, ndo maana naandika, maana najua nyumba kibao za kupanga hapa mjini zinaishi hivihivi na watu wanalaumu mawingu.

Ilikuwa hivi. Dishi moja, ving'amuzi viwili vya kampuni moja, kila kimoja na akaunti yake na kimelipiwa (hilo lieleweke, dishi mnachangia, kifurushi kila mtu na chake). Fundi wa kwanza alikuja na splita, kale kadude ka bati kenye mdomo mmoja huku na miwili kule, elfu tano, akagawa waya wa dishi ukawa njia mbili, akachukua chake akasepa. Picha ilikuja kote kote. Kwa hiyo siwezi kusema haikufanya kazi, ilifanya, mpaka mama aliposhika rimoti.

Duka nililoenda liko mitaa ya sokoni, silitaji wasije wakasema nimelipwa. Kijana wa pale sijamaliza hata kueleza akadakia, "Kaka, wamekufungia splita." Nilikuwa nayo mfukoni, akaigeuza akanionyesha ubavuni imeandikwa 5–1000 MHz. Hiyo ni ya antena ya kawaida bana. LNB inateremsha kwenye waya mawimbi ya kuanzia megahezi 950 mpaka 2150, sasa splita ya namna ile huko juu inapitisha kwa kubahatisha tu. Nikamwambia basi nipe ya dishi yenyewe, akacheka, akasema hata hiyo haitakusaidia.

Kumbe king'amuzi hakikai tu kupokea, kinaiamrisha LNB kupitia waya uleule. Kikitaka chaneli zinazokuja kwa wima kinapandisha volti 13, kikitaka za mlalo volti 18, na kikitaka bendi ya juu, yaani chaneli za masafa ya juu, kinaongezea mlio wa kilohezi 22 humohumo kwenye waya. Sasa LNB yangu ilikuwa ya njia moja halafu ina mabwana wawili, sebuleni wanataka 13, mama anataka 18, na kwenye ugomvi wa hivyo mwenye volti kubwa ndo anasikilizwa. Mama alikuwa na 18. Basi tukazimika sisi.

Dawa yake ni LNB ya njia nne, kwa jina la dukani Quad. Nimeinunua elfu thelathini na tano. Kichwa kimoja ila milango minne, kila mlango unamsikiliza king'amuzi wake bila kujali jirani anaangalia nini. Zipo za njia mbili pia, tena bei nafuu, kama mko wawili tu na hamna mpango wa kuongezeka chukueni hiyo. Ila muwe macho na kitu kinaitwa Quattro, kwa nje inafanana na Quad kama pacha, na mimi nilishaishika mkononi niilipie. Ile kila mlango unatoa robo moja tu ya chaneli, wima chini, wima juu, mlalo chini, mlalo juu, inabidi iende kwanza kwenye boksi lake linaitwa multiswichi ndo lisambaze vyumbani. Hiyo ni ya watu wa gesti na vyumba vyao kumi na mbili, ukiifunga nyumbani bila boksi utarudi dukani umenuna.

Kwa ufundi nawapa saba kwa kumi. Fundi wao aliyekuja anajua kazi, ana mita ya kupimia mawimbi, anaangalia namba anaizungusha LNB taratibu kwenye kishikio mpaka namba inapanda, hakuna zile za mtoto kukaa dirishani anapiga kelele "imefikaaa? badooo!" Tatu nimewakata kwa sababu aliahidi saa tatu asubuhi akaja saa tisa alasiri, simu anapokea kila mara anasema yuko Ligula anamalizia. Pia alitaka kunifungia waya mwembamba wa bei chee, nikakataa, nikachukua RG6 yenye kiini cha shaba. Chumba cha nyuma waya unaenda kama mita 35 na waya mrefu unakula mawimbi, ukiwa na waya mbovu juu ya hapo ndo utaona picha inakatika vipandevipande kama vigae.

Kitu kimoja nimempenda sana. Konekta za zamani alipozifungua zilikuwa na kutu ya kijani mpaka ndani, zinamong'onyoka kwa kucha. Sisi huku upepo wa bahari haukuachi hata ukikaa mbali na Shangani, chumvi inaingia. Akakata inchi kadhaa za waya uliooza, akafunga konekta mpya, akazungushia tepu, na kabla waya haujaingia ndani akauacha ubembee kidogo chini ya paa ili maji ya mvua yadondokee pale yasifuate waya mpaka kwenye TV. Mlango wa nne usio na mtu akauziba na kifuniko cha mpira. Mwanzoni alisahau, nikamkumbusha, akapanda tena.

Huu mwezi wa tatu sasa. Mama na tamthilia, sisi na mpira, mpangaji wa chumba cha mbele naye kaunganishwa na king'amuzi chake, hakuna anayemzima mwenzie. Umeme ukikatika sebuleni kwangu kwa sababu luku imeisha, wao wanaendelea, kwa sababu LNB inapata umeme toka king'amuzi chochote kilichowaka.

Mpangaji wa nyuma juzi kaja anataka huo mlango wa nne, nikafurahi, kumbe king'amuzi chake ni cha kampuni nyingine. Nikamweleza dishi moja linatazama setilaiti moja, Azam wako nyuzi 7 Mashariki, DStv wako 36, na toka hapa Mtwara ya 7 unaitafuta upande wa machweo wakati ya 36 iko karibu na utosini. Hakuniamini. Kaenda kwa fundi wa splita.