Tepu ya mita 50: kagua upande wa futi kabla ya kununua shamba

Tepu ya fibaglasi ya mita 50, ile ya fremu ya wazi yenye mkono wa kukunjia, inamfaa sana anayenunua shamba la zabibu Hombolo au la alizeti Kongwa, mkoani Dodoma. Upande mmoja una mita, wa pili futi na inchi. Huo wa pili wengi hawauangalii, kumbe ndio wa kazi.

Sababu ni yadi, kipimo cha futi 3. Ekari ni yadi za mraba 4,840, na yadi 70 kwa 70 ni 4,900, karibu sawa. Kwa hiyo kipimo cha ekari cha mashambani, “hatua 70 kwa 70”, ni sahihi pale tu kila hatua inapofika yadi. Mpimaji mwenye hatua ya sentimita 75 anakukabidhi kama theluthi mbili za ekari, nawe umelipia nzima. Anayepima mita 70 kwa 70 naye anakosea upande wa pili: mita za mraba 4,900, wakati ekari ni 4,047.

Neno yadi halikuzaliwa mguuni. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa gerd, maana yake fimbo au ufito. (Yadi ya magari ni neno jingine, limetokana na ua, yaani eneo lililozungushiwa uzio.) Mwaka 1959 Uingereza, Marekani na nchi nyingine kadhaa zilikubaliana yadi iwe mita 0.9144 kamili.

Basi kwa ekari moja pima futi 210, yaani yadi 70, kila upande. Tepu inaishia futi 164, kwa hiyo piga kigingi kwenye 150, kisha ongeza 60. Ukimaliza pima kona kwa kona, mara mbili: zote zisome futi 297. Zikitofautiana, shamba limepinda hata kama pande nne ziko sawa.

Kasoro ya tepu hizi ni mahali sifuri inapoanzia. Nyingine huanzia ncha ya pete, nyingine sentimita kadhaa mbele yake, hakikisha dukani. Upepo wa Dodoma nao ni tatizo: tepu ikibetuka mita 1 katikati, mita 50 inazidisha kama sentimita 5, na hasara ni ya mnunuzi. Ilaze chini, ivute ikaze. Unapokunja, ipitishe kwenye kitambaa, maana mchanga hufuta namba. Fremu ya wazi unaisuuza kwa maji. Ya kufunikwa hutunza vumbi ndani hadi mkono unakwama.

Mipaka ya hati ni kazi ya mpima ardhi na bikoni zake, yaani alama za mipaka.