Msaidizi wa kisheria au wakili wa kujitolea?

Mkazi wa Dar es Salaam anayeamka na moshi wa taka dirishani ana milango miwili isiyodai ada. Msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, yupo karibu: humsaidia kuandika malalamiko, kupanga picha kwa tarehe na kuyafikisha NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira), lakini hasimami mahakamani. Wakili wa kujitolea hupatikana kwa kusubiri, na kesi huchosha, ila ndiye wa kuomba amri ya zuio, kama ile ambayo wakazi wa Kunduchi Mtongani waliipata Mahakama Kuu dhidi ya Halmashauri ya Jiji, katika shauri la mwaka 1991 kuhusu dampo. Ningeanza kwa msaidizi, kwani jalada lililopangwa humrahisishia wakili kazi.