Tiketi ya Tanga hadi London: Njia Ipi Inunuliwe Kwanza

Mtu wa Tanga anayekwenda London huulizwa na wakala tarehe ya safari, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni atapitia wapi. Kutoka Dar es Salaam hadi London, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 7,500, lakini tangu British Airways ilipoiacha njia hiyo mwaka 2013 abiria hulazimika kubadilisha ndege, na mahali anapobadilishia ndipo panapoamua kama atafika baada ya saa kumi na tatu au baada ya siku nzima. Sisi tuna nyongeza yetu: kilomita 350 hivi za barabara, kupitia Segera na Chalinze, kabla ya kuuona uwanja wa ndege.

Naiweka kwanza njia ya Nairobi. Kutoka Dar ni saa moja na nusu hivi, kisha karibu saa tisa hadi London, na umbali wake wote haupishani sana na ule mstari ulionyooka. Tena mtu wa Tanga anaweza kuvuka mpaka Horohoro na kupandia ndege Mombasa, ambako kwa barabara ni karibu nusu ya mwendo wa Dar, ilimradi tiketi yake ianzie Mombasa na arudi kwa njia hiyo hiyo.

Addis Ababa ni ya pili: saa tatu, kisha saa nane hivi. Inunuliwe pale tu muda wa kusubiri usipozidi saa nne. Istanbul ni ya tatu, nayo inamfaa anayependa kulala kwenye kipande kirefu cha mwanzo.

Doha na Dubai nazipanga nyuma, kwa kuwa ndege huelekea kwanza Ghuba ndipo igeukie Ulaya, na jumla hupita kilomita 9,000. Hata hivyo, nauli ikipungua kwa kiasi cha kutosha, sioni ubaya wa kuzichukua.

Ya mwisho kabisa ni tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, hata zikiwa rahisi namna gani. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wa kukusubiri wala wa kukurudishia fedha.

Lililobaki ni saa, nalo ndilo linalonisumbua zaidi. Mama yangu mdogo aliwahi kuikosa ndege kwa sababu wakala alimwandikia "Ijumaa saa saba na nusu usiku", naye akasafiri kwenda Dar siku ya Ijumaa. Tiketi ilisema 01:30, yaani usiku wa kuamkia Ijumaa, na ndege ilikwisha kuondoka kabla hajapanda basi. Wazee wetu wa pwani, ambao kwao siku huanza jua linapozama, wangeuita usiku huo usiku wa Ijumaa bila kukosea, lakini wengi wetu siku hizi tukisikia hivyo tunafikiria jioni ya Ijumaa yenyewe. Tena London iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi chao, hivyo anayetoa saa ya kuondoka katika saa ya kufika hupata safari fupi kuliko ilivyo. Kabla hujalipa, mwombe wakala akuandikie pembeni, kwa Kiswahili, siku na saa ya kuondoka Tanga.