Safari ya mawimbi kwa kundi: fukwe tano, kuanzia inayowafaa wengi

Karibu kila kundi lina mtu mmoja anayejua. Ameshateleza kwenye mawimbi kwa ubao mara kadhaa, ana video nyingi kwenye simu, na jina la ufukwe analolitaja ndilo linalopita kwa sababu wengine hawana la kulinganisha nalo. Sisi tulifanya hivyo safari ya kwanza. Tulikuwa tisa, wanne hawajawahi kushika ubao na wawili hawaogelei vizuri, tukalipia wiki nzima mahali ambapo wimbi linavunjika juu ya matumbawe. Siku tano kati ya saba, watu sita walikaa mchangani wakilinda viatu vya watu watatu. Walikuwa wameweka akiba miezi minane kwa ajili ya safari hiyo. Iliniuma sana, na tangu hapo ninapopanga namtazama kwanza asiyejua kabisa. Orodha hii nimeipanga kwa jicho hilo.

Kabla ya kuuliza nauli, ulizeni kuna nini chini ya maji. Wimbi huvunjika linapofika penye kina kifupi. Likivunjikia kwenye mchanga, anayeanguka anaangukia mchanga. Likivunjikia kwenye mwamba, anatoka amechanika, na sisi wa pwani tunajua kidonda cha matumbawe kinavyochelewa kupona. La pili ni kina: anayejifunza asimame, maji yamfike kiunoni au kifuani, ili apumzike na amsikie mwalimu. La tatu ni upana wa ufukwe, maana watu tisa wenye mbao tisa wanahitaji nafasi.

Wapo watakaouliza kwa nini tusibaki nyumbani. Sehemu kubwa ya pwani yetu ina mwamba unaoyavunja mawimbi mbali na ufukwe, na Madagaska inakinga mengi yanayotoka kusini. Malindi, ambako ghuba iko wazi zaidi, hupata mawimbi msimu wa kusi, na ni mahali pazuri pa kuzoea maji yenye nguvu kabla ya safari. Kwa wiki nzima ya kujifunza, hata hivyo, mtalazimika kuvuka mpaka.

1. Weligama, Sri Lanka

Ghuba pana ya mchanga kusini mwa kisiwa, maji ya uvuguvugu, mawimbi yanayoingia taratibu. Wenye kuanza husimama kwenye mawimbi yaliyokwisha kuvunjika huku wazoefu wakiwa nyuma kidogo tu, na wote wanaonana. Kwa kundi, hilo ni jambo kubwa sana. Hamhitaji suti ya mpira ya kukinga baridi, bali fulana ya kuogelea yenye mikono ya kukinga jua na msuguano wa ubao.

Msimu wake ni Novemba hadi Aprili, wakati kwetu kaskazi inavuma, kwa hiyo likizo ya Desemba inaangukia ndani yake. Mkiwa na nafasi katikati ya mwaka, upande wa kusini huchafuka na wachezaji huhamia Arugam Bay, pwani ya mashariki, lakini huko wazoefu ndio wanaofaidi zaidi.

Ndege nyingi kutoka Nairobi na Dar es Salaam hupitia Doha au Dubai hadi Colombo, na kibali cha kuingia huombwa mtandaoni kabla ya safari. Kutoka Colombo shukeni kwa treni ya pwani angalau mara moja. Kaeni upande wa kulia, bahari itakuwa dirishani sehemu kubwa ya njia. Chakula hakitawasumbua: wali, mchuzi wa samaki na nazi iliyokunwa vipo kila kona.

Ubaya wake ni msongamano. Kufikia saa nne asubuhi mbao zimejaa na watu wanagongana. Ingieni maji saa kumi na mbili na nusu, na msijibane pale shule zote za mchezo huu zilipojipanga. Tembeeni ufukweni hadi mpate nafasi.

2. Muizenberg, Cape Town

Kama si baridi, hapa pangekuwa pa kwanza. Ufukwe ni mrefu, sakafu ni mchanga, wimbi ni la upole, na stesheni ya treni iko karibu kabisa na Surfers' Corner, wanapokusanyika wanaojifunza. Agatha Christie, mwandishi wa hadithi za upelelezi, aliteleza hapa mwaka 1922. Wakenya wanaingia Afrika Kusini bila visa tangu Januari 2023, hadi siku 90 kwa mwaka, na Watanzania nao hawahitaji visa kwa matembezi mafupi. Hilo peke yake linaokoa wiki za kuhangaika ubalozini.

Maji ni baridi hata kiangazi, kwa hiyo suti ya mpira ni lazima. Shule hukodisha pamoja na ubao, lakini tumeni vipimo vya miili yenu mapema, hasa wenye miili mikubwa, maana suti isiyokaa vizuri inaharibu siku nzima.

Papa wapo False Bay, ghuba ya Muizenberg, na watu wa familia zenu watauliza. Tangu 2004 kuna walinzi wa Shark Spotters wanaoitazama bahari kutoka mlimani na kupandisha bendera. Kijani maana yake wanaona vizuri, nyeusi maana yake hawaoni vizuri, nyekundu ni tahadhari kubwa. Nyeupe yenye picha ya papa, pamoja na king'ora, maana yake tokeni majini sasa hivi. Kila mmoja azijue bendera hizo kabla ya kuvaa suti.

3. Taghazout na Tamraght, Morocco

Vijiji viwili vilivyo karibu na mji wa Agadir, na kwa kundi lenye Waislamu wengi naona hapa kuna raha isiyopatikana kwingine: chakula halali bila kuuliza, misikiti karibu, na dada anayeingia majini amejisitiri hashangazwi na mtu. Nyumba za kundi zipo nyingi, na jioni tajini moja kubwa, yaani mchuzi unaopikwa kwenye chungu, inawakusanya wote mezani.

Nimepaweka nafasi ya tatu kwa sababu ya mawimbi yenyewe. Msimu mzuri ni Oktoba hadi Machi, na katikati ya baridi Anchor Point, sehemu maarufu ya Taghazout, hupokea mawimbi makubwa yanayowaita wazoefu kutoka Ulaya nzima. Wanaoanza hupelekwa fukwe za mchanga za upande wa Tamraght, na kundi hugawanyika. Kama zaidi ya nusu yenu mnajua, pandisheni Taghazout hadi nafasi ya kwanza. Maji yanahitaji suti.

4. Durban

Maji ya vuguvugu, fukwe za mjini zenye waokoaji, na nyavu za papa ambazo ziliwekwa hapa kwa mara ya kwanza mwaka 1952. Addington na South Beach zinawafaa wanaoanza. Imeshuka kwenye orodha yangu kwa sababu baada ya mafuriko ya Aprili 2022 maji taka yalizifanya fukwe zifungwe mara kwa mara. Ulizeni hali ya maji wiki ileile ya kusafiri, na msilipe kitu kisichorudishwa kabla ya kupata jibu.

5. Peniche, Ureno

Hii ni kwa ndugu walioko Ulaya. Rasi yake ina fukwe zinazotazama pande tofauti, hivyo upepo ukiharibu upande mmoja mnavuka mwingine. Kwa anayetoka Afrika Mashariki, ada ya visa ya Schengen peke yake ni euro 90 kwa mtu mzima, na mmoja akinyimwa, kundi limevunjika.

Mtasikia pia Jeffreys Bay, Afrika Kusini. Ni wimbi la kustaajabisha, na mashindano ya dunia yamefanyika hapo mara nyingi. Nendeni mkalitazame, lakini kundi la wanafunzi msilipeleke Supertubes, sehemu yake maarufu zaidi.

Mkishachagua ufukwe, kuna kununua furushi la kambi, yaani malazi, mafunzo na ubao kwa bei moja, au kila kitu peke yake. Kwa safari ya kwanza nanunua furushi, baada ya kuuliza maswali manne. Mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi? Wakizidi sita, natafuta kwingine. Ana cheti cha ISA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, na cha uokoaji? Mbao za sponji zipo za kutosha kwa wote siku moja? Amana inarudishwa hadi tarehe gani?

Mwekeni mweka hazina mmoja, na tiketi zikatwe fedha zote zikishafika. Anayesema atatuma Ijumaa asubiriwe hadi Ijumaa. Angalieni visa kwa kila pasipoti, maana Mkenya, Mtanzania na Mkongo ndani ya kundi moja wanaweza kuwa na masharti tofauti. Soma bima ya safari mstari kwa mstari uone kama mchezo huu umetajwa, kwani nyingine huuacha nje.

Miezi miwili kabla, pelekeni kila mtu bwawani. Asiyeweza kuogelea mita 50 bila kushika ukingo aanze masomo ya kuogelea wiki hiyo. Na wote wajifunze jambo hili wakiwa nchi kavu: mkondo ukikuvuta kuelekea baharini, usishindane nao. Shikilia ubao wako, piga mikono sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo ugeuke urudi.