Saa ya bei isiyojitangaza: pima unene kwanza

Lalamiko ni lile lile. Mtu katafuta saa ya heshima, haina dhahabu wala almasi, uso mweupe, mkanda wa ngozi, kalipa mamilioni, na bado mkutanoni macho yote yako mkononi mwake. Anadhani kosa ni jina la saa. Mara nyingi kosa ni kwamba saa ina unene wa milimita 12 na mkono wa shati hauwezi kuipanda. Shati linakwama, analivuta, linakwama tena, na kila akilivuta anawaonyesha watu kile alichotaka kukisitiri.

Kipenyo na rangi ya uso utavisoma kila mahali, kwa hiyo sivigusi. Kisichoandikwa ni unene. Muuzaji atakuambia "40 mm", akimaanisha upana, ataweka picha iliyopigwa kutoka juu, na ukimwuliza unene atajibu, "Ni nyembamba, bosi." Nyembamba kiasi gani? Mwambie aipige picha ubavuni, rula ikiwa pembeni yake, au aibane kwa kalipa, kile kifaa cha mafundi cha kupimia unene, kutoka kilele cha kioo hadi mfuniko wa nyuma. Anayeona uvivu kufanya kazi ya nusu dakika kwa saa ya bei ya pikipiki mbili, mwachie saa yake.

Chini ya milimita 8, mkono wa shati uliofungwa kifungo unapita juu ya saa bila wewe kufikiria. Kati ya 8 na 10 inategemea umbo, maana kinachokamata kitambaa si kioo, ni ukingo wa chuma. Juu ya kioo kilichobinuka kitambaa huteleza. Ukingo uliosimama wima hukishika hata kama tarakimu ni ndogo. Kuanzia 11 kwenda juu, panga safari ya kwa fundi cherehani. Ukimwambia mapema ataongeza sentimita moja kwenye pindo la mkono wa upande wa saa tu, na shati la dukani atakusogezea kifungo. Kanzu ina shida tofauti: mkono wake ni mpana, haukwami popote, lakini ukiinua mkono kitambaa kinateremka na saa yote inabaki nje. Mvaaji wa kanzu aogope mng'aro zaidi ya unene. Cheni iliyosuguliwa ikang'aa inamulika hadi safu ya mwisho.

Unene wenyewe unatoka wapi? Saa ya otomatiki ina kipande kizito cha chuma kinachozunguka juu ya mashine ili ijitie ufunguo unapotembea. Kipande hicho peke yake huweza kuongeza milimita moja au mbili. Weka na diski ya tarehe, weka na mfuniko mzito wa kuzuia maji, umeshafika 11. Ndiyo maana saa nyembamba nyingi ni za betri au za kutia ufunguo kwa mkono, tena hazina tarehe. Wauzaji wanaisifia otomatiki kana kwamba kutia ufunguo ni adhabu. Ni kazi ya chini ya dakika moja asubuhi: unazungusha kitufe cha ubavuni taratibu mpaka uhisi imegoma, basi, usilazimishe.

Sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Nomos Tangente 35. Nasema wazi kuwa naipendelea Nomos, na anayetaka mizani sawa atafute kwingine. Inatengenezwa Glashütte, mji mdogo wa mafundi saa katika jimbo la Saxony, Ujerumani, na kampuni yenyewe ilianza mwaka 1990, kwa hiyo jina lake halijafika vijiweni. Unene ni milimita 6.2 ikiwa na mfuniko wa chuma nyuma, au 6.6 ukitaka mfuniko wa kioo uione mashine. Chukua wa chuma. Mashine utaiona wewe na fundi tu. Ni ya kutia ufunguo, na ukiijaza inakwenda saa 43, yaani ukiisahau asubuhi moja inaimaliza siku hiyo, ukiisahau mbili imelala. Ukingo wake ni mwembamba sana, kwa hiyo hata uliposuguliwa hakuna chuma cha kutosha kumulika.

Ila ina kasoro, na usidanganywe na ile 35. Ncha nne zinazoshika mkanda ni ndefu na zimenyooka, hivyo kutoka ncha ya juu hadi ya chini ni milimita 45 hivi. Kwa Tangente 38 zinafika 48. Weka rula kwenye sehemu bapa ya juu ya kifundo cha mkono wako. Ikiwa haifiki milimita 50, achana na 38, maana ncha zitaning'inia nje ya mkono na chini yake utaona mwanga. Kasoro ya pili ni mkanda. Ule wa ngozi ya farasi inaokuja nao ni mzuri mno kwa Ulaya. Kwa jasho la Mombasa au Dar es Salaam unanyonya chumvi na kukakamaa. Nunua mkanda wa pili wa milimita 18, ubadilishe kwa zamu, kila mmoja upate siku ya kukauka kivulini. Tena usiiweke kando ya spika au juu ya sumaku ya kifuniko cha simu. Saa ya ufunguo iliyoshikwa na sumaku huanza kukimbia dakika kadhaa kwa siku, mwenyewe akadhani imekufa, kumbe fundi saa mwenye kifaa chake anaitoa sumaku kwa sekunde chache. Asikutoze bei ya kufungua mashine.

Ya pili, Jaeger-LeCoultre Reverso, ile ya kipimo cha kati, takriban milimita 40 kwa 24, unene chini ya 8. Hii iliundwa mwaka 1931 kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliokuwa wakivunja vioo vya saa zao kwenye polo, mchezo wa mpira juu ya farasi, huko India: unausukuma uso pembeni, unaugeuza, na nje kunabaki chuma kitupu. Kwa asiyetaka kutazamwa hakuna ufundi uliozidi huo. Tatizo ni kwamba mgongo wenyewe umesuguliwa, unakusanya mikwaruzo, na juani unawaka. Waweza kuchongewa herufi za jina, jambo linalopunguza mng'aro. Matengenezo yake ni ghali, na huyo fundi wa pembeni ya barabara asiifungue.

Zote mbili hizo zimeandikwa mita 30. Hiyo haina maana ya kuogelea nayo, hata mita moja. Ni matone ya mvua na kunawa kwa haraka. Anayechukua udhu mara tano kwa siku atazivua mara tano kwa siku, na siku moja ataisahau kwenye ukuta wa birika. Mtu huyo namwambia aruke moja kwa moja hadi ya tatu.

Ya tatu, Grand Seiko SBGX261. Ya betri, na wenye majivuno wataikunjia pua. Waikunje. Inakosea sekunde 10 kwa mwaka mzima, inahimili mita 100, betri inakaa miaka mitatu hivi, upana ni milimita 37. Unene ni 10, ndiyo sababu haiko juu zaidi. Ivue cheni uweke mkanda wa ngozi au wa nguo, nusu ya mng'aro itaondoka. Mkanda wenyewe ni wa milimita 19, na maduka yetu yamejaa 18 na 20. Ule wa 18 utaacha pengo, wa 20 utajikunja kingo. Agiza wa 19.

Ya nne, Cartier Tank Must kubwa: milimita 6.6, ya betri, inakwenda chini ya shati lolote. Lakini umbo hilo lipo tangu 1917 na limeigwa kila pembe ya dunia. Atakayeiona ataamua mambo mawili tu: ni ya kweli, au ni feki ya Kariakoo. Yote mawili yanakuletea maswali.

Rolex Oyster Perpetual 36 naiweka mwisho. Kama mashine ni imara, mita 100, saa 70 bila kuvaliwa. Kama saa ya kujificha haifai: ina zaidi ya milimita 11, na nembo ile ya taji hata mtoto wa shule anaijua. Halafu ukienda kwa wakala unaambiwa uandikishe jina usubiri, wakati kwa mchuuzi wa mtaa wa pili ipo kabatini, bei juu. Kwa fedha ya hiyo moja unapata Tangente mbili na chenji.

Mwenye fedha kidogo atazame Tissot Everytime ya betri: nyembamba, kioo cha safaya, yaani kigumu kisichokwaruzika upesi.

Kwenye zilizotumika, jihadhari na ile inayong'aa kuliko mpya. Wauzaji huzisugua upya kuficha mikwaruzo, na kila msuguo unakula chuma. Tazama kingo: zikiwa za mviringo mahali palipotakiwa kuwa makali, au mistari iliyochongwa juu na chini ya uso wa Reverso imefifia, shusha bei au ondoka. Uliza na tarehe ya matengenezo ya mwisho. Saa ya ufunguo iliyopita miaka saba bila kusafishwa na kutiwa mafuta, gharama hiyo ni yako.

Wengi tunanunua Dubai. VAT ya huko ni 5%, na mgeni hurudishiwa sehemu kubwa ya hiyo akitoa ada ndogo kwa kila fomu. Mwambie muuzaji aiandike dukani, na uithibitishe uwanja wa ndege kabla ya kukabidhi mizigo, saa ikiwa mkononi. Ukifika nyumbani kuna ushuru wa forodha na VAT ya 18% Tanzania au 16% Kenya. Wauzaji wa Deira, eneo la masoko la Dubai, hawaitaji kamwe hesabu hiyo wanapokuonyesha jinsi kwao kulivyo rahisi.